Dada yangu uliyeko Muscat, njoo uione Husuni Kubwa

Dada yangu, shikamoo.

Picha zako za ngome ya Nizwa zilinifikia. Nimeutazama ule mnara wa duara mara nyingi, ni mzuri kweli. Lakini chini ya picha uliandika, "Kwetu hatuna kitu kama hiki," na maneno hayo yamenikaa kifuani. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nilitaka kwanza niende nikaone kwa macho yangu. Sasa nimetoka Kilwa Kisiwani, na nakuandikia hadharani maana najua si wewe peke yako unayeamini hivyo.

Tulikata kibali jana yake, asubuhi tukapanda boti ya mashine kwenye gati la Kilwa Masoko, watu sita na mwongozaji, kijana mzaliwa wa kisiwani. Ni mwendo mfupi tu. Hujakaa sawa ukaanza kuliona Gereza, ile ngome kongwe, limesimama ufukweni, kuta zake za kijivu zikitazama maji. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 walijenga ngome yao hapo, wakaiacha mwaka 1512. Hii inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, walioijenga upya karne tatu baadaye. Kwa hiyo ngome zako za huko zina ndugu yao hapa, dada, na sisi tuliokulia Dar hatukuwahi kuvuka maji kwenda kumsalimu.

Mwongozaji alitusimamisha kwenye kivuli cha ukuta akatueleza majina. Gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Husuni, jina la kasri la kisiwani, ni ngome kwa Kiarabu. Basi hapa ngome inaitwa kanisa, na kasri linaitwa ngome! Nilisimama nikawaza ni watu wangapi wamepita hapa, kila mmoja akatuachia neno mdomoni.

Msikiti Mkuu na kuba zake sitakueleza sana; utauona mwenyewe. Nataka nikupeleke Husuni Kubwa.

Tulirudi botini tukafuata pwani kuelekea mashariki, kisha tukapanda mwambani. Kasri lile liko juu kabisa, bahari iko chini yako. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta, na amesimulia jinsi maskini alivyomwomba sultani nguo alizovaa wakati akitoka msikitini siku ya Ijumaa, naye akaenda akazivua akampa. Kasri lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Nilikaa ukingoni mwa birika hilo mpaka wenzangu wakaniita.

Kilichonigusa zaidi ni ukuta wenyewe. Mwongozaji alituambia tuushike: ni matumbawe. Yale ya kuchongea nakshi yalikatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Dada, hebu fikiri. Mkoko ndio uliompimia sultani chumba chake! Dhahabu ilitoka Sofala, kusini huko Msumbiji, vyombo vya kauri vilitoka China, lakini nyumba ilitoka katika bahari hii hii na mikoko hii hii, kwa mikono ya watu walioijua. Marehemu bibi alipokuwa akituambia "Kisiwani kuna majumba ya wafalme" tulidhani ni ngano za kutulaza.

Naogopa jambo moja. Mawimbi yanalila Gereza, na sehemu ya ukuta wake imekwisha kuanguka. UNESCO iliyaandika magofu haya, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya ukarabati yakatolewa mwaka 2014. Kazi hiyo imefanyika na nimeiona, ila bahari haipumziki.

Nimeshazungumza na nahodha kuhusu Songo Mnara. Huko ni mbali zaidi, boti huwa haifiki mpaka nchi kavu, na lazima mtu apite majini kati ya mikoko. Ukija likizo, tulale Masoko usiku mmoja, tuondoke alfajiri kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Uje na viatu visivyoogopa kulowa, na kamera yako ileile ya Nizwa.

Mdogo wako.