Nyekundu ya kununua

Mpendwa Rukia,

Hujambo, shoga yangu? Mama mpe shikamoo yangu. Barua yako ya kuuliza ununue nyekundu gani imefika, pamoja na picha za mchoro ulioanza. Kwa kuwa ukuta wa mteja wako unapigwa na jua la asubuhi na dirisha halina pazia, nakujibu bila kuzunguka: weka kando ile nyekundu yako ya Alizarin Crimson, nunua nyekundu ya kwinakridoni.

Najua unavyoipenda Alizarin. Ukiipaka juu ya kahawia hutoa damu ya mzee ambayo mimi mwenyewe naionea wivu. Lakini soma maandishi madogo ya tyubu: PR 83, namba ya rangi iliyomo ndani. Hiyo ni alizarini ya maabara, ambayo Graebe na Liebermann waliiunda Ujerumani mwaka 1868. Kabla ya hapo ilitoka kwenye mizizi ya mmea. Ikipakwa nzito hustahimili kiasi. Ikipakwa nyepesi, au ikichanganywa na nyeupe, mwanga huila. Na wewe mkono wako ni mwepesi.

Yaliyompata mchoraji Mark Rothko umeyasikia? Picha zake tano kubwa zilitundikwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, katika chumba cha kulia cha ghorofa ya juu, madirisha mapana, jua tele. Damu ya mzee yake aliichanganya kwa Lithol Red, rangi iliyozoeleka zaidi kwenye wino wa uchapaji. Zilichujuka vibaya, kuna sehemu zikabaki samawati, na kufikia 1979 zikawa zimepelekwa stoo. Mwaka 2014 makumbusho ya chuo yalizionyesha tena, projekta ikizimulikia rangi iliyopotea bila brashi kugusa kitambaa. Ikizimwa, unaiona picha ilivyo. Sidhani mteja wako atakubali kununua na projekta!

Kwinakridoni iliingizwa sokoni na DuPont mwaka 1958, na hata rangi za magari huitumia. Molekuli zake zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, hivyo haiyeyuki ovyo, na jua haliisumbui. Kinachonifurahisha ni kwamba PV 19, namba ya kwinakridoni, ni kemikali moja tu, ila fuwele zake zikijipanga hivi inakuja nyekundu ya waridi, zikijipanga vile inakuja urujuani. Basi usinunue kwa namba peke yake. Mwombe muuzaji afungue kifuniko uone.

Anza na kidogo sana, maana ina nguvu na itameza rangi nyingine zote kwenye sahani. Haifuniki, mwanga hupenya. Ipake juu ya njano iliyokwisha kukauka, uone inavyowaka. Kwa zile kanga za mbele kwenye mchoro wako, unapotaka nyekundu nzito ya kufunika kabisa, chukua PR 254, nyekundu nyingine isiyo kwinakridoni. Bei yake inauma, lakini mdai mteja malipo ya awali.

Tyubu yako ya zamani usiitupe. Itumie kwenye daftari la michoro, likifungwa halioni jua.

Niandikie ukishapaka tabaka la kwanza.

Wako,
Mwanaidi