Mbege, rubisi na ulanzi si kitu kimoja na gongo

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yakiandika habari za pombe za kienyeji, mbege, rubisi, ulanzi na gongo hutiwa kapu moja. Gongo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, na sheria imeipiga marufuku. Hivyo vingine vitatu ni vinywaji vyenye ufundi wake, na naomba nafasi niwasemee wanaovitengeneza. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Kazi ilinipeleka Kagera, kisha Kilimanjaro, mwisho Iringa ambako nimejenga, na kote nilikunywa cha wenyeji.

Nianze na ulanzi, maana ndio niupendao kuliko vyote na ndio unaosingiziwa zaidi. Hugemwa kwenye mianzi michanga, na msimu wake ni wa mvua. Mgema hukata ncha ya chipukizi, hutega mbeta, kikombe cha mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kuchonga upya pale alipokata ili maji yasikome kutoka. Haupikwi wala hautiwi hamira. Ukitoka mwanzini ni mtogwa, mtamu kabisa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo ndio unaoulizwa zaidi vilabuni. Mimi naupenda wa katikati, uliogemwa jana jioni: povu limeanza, utamu bado upo, ukali haujashika. Mgeni huletewa uliolala siku kadhaa kwenye dumu, umechacha, halafu anarudi mjini kusema ulanzi ni mbaya. Huyo ulanzi wenyewe hajauonja bado.

Na mgema mzuri haji na panga kukata kila chipukizi analoliona. Huacha mengine yakue, la sivyo shina zima la mianzi hudhoofika na mwaka unaofuata hana cha kugema.

Rubisi ya Wahaya ni kazi ya wanaume. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha hukanyagwa kwa miguu mpaka maji yake yatoke. Hayo huchujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake rubisi iko tayari. Siri yote iko kwenye mtama. Ukikaangwa juujuu tu, rubisi hupwaya mdomoni. Ukikaangwa hadi rangi ikolee, hupata harufu nzuri inayobaki hata baada ya kumeza. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera miaka ya 2000, migomba ya pombe iliumia sana, na niliona mashamba ya wazee yakifyekwa yote. Anayepika rubisi safi leo ametunza mbegu kwa jasho.

Kwa Wachaga, mbege ni mkono wa akina mama. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa zichache, kisha huchujwa. Ulezi nao hulowekwa uote, huanikwa, husagwa, ukapikwa uji. Vikichanganywa vikalala pamoja, mbege imeiva. Katikati ya kazi hiyo kuna gome la msesewe, linaloleta uchungu. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi siku hizi wanasifiana bia za viwanda vidogo, wakibishana ipi ina hopsi nyingi, yale maua yanayotia bia uchungu, na ipi ina kimea kizito, yaani nafaka iliyooteshwa. Nawasikiliza kwa furaha, kwa sababu ubishi huohuo niliukuta Kilimanjaro: mama huyu anazidisha msesewe, yule ulezi wake haukuota vya kutosha. Mimi niko upande wa wanaozidisha msesewe.

Kinachoniudhi ni wanaoharakisha. Wanatia sukari na hamira ya dukani, pombe inachemka haraka, inauzwa kwa jina la mbege na kumwumiza mnywaji kichwa. Mama aliyeotesha ulezi wake kwa subira anauza bei ileile, na lawama anapewa yeye pia.

Ombi langu, Mhariri: mwandishi wako akija huku wakati wa mvua, aandike ulanzi ni wa kijiji gani, nani kaugema na umekaa siku ngapi, maana habari isiyo na hayo haimsaidii mnywaji wala mgema. Na wasomaji wa Tabora na Singida nao watuandikie. Wanzuki wa asali nimeuonja mara chache tu, tena ugenini, na nilioupata ulikuwa mtamu mno kwangu. Nataka kuambiwa mkali mzuri unapatikana wapi na hukaa siku ngapi kabla ya kunywewa.

Bwana shamba mstaafu,
Iringa