Kaka anataka kumfanyia mama sapraizi, hajui kama mama haoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nshaandika nikafuta mara tatu, leo naituma ivo ivo ilivyo, atakaenisaidia rai Mungu atamlipa.

Mie ni mwanamke wa Pemba, upande wa Wete, nna mume na watoto watatu na naishi na mama nyumba ya wazee kwa vile mie ndo kitindamimba. Tumezaliwa wanne, dada mkubwa kaolewa Unguja, mwengine yuko Tanga, na kaka yetu, mwanamme pekee kwetu, yuko Uingereza tangu 2007. Kahangaika sana na makaratasi huyu kaka, miaka yote hiyo hakuweza kutoka maana angetoka asingerudi, hata baba alipofariki 2014 hakuja, tulimwekea simu asikie dua basi. Mwaka jana ndo kapata paspoti ya kule, tukasoma maulidi nyumbani kwa kushukuru.

Sasa wiki mbili nyuma kanipigia usiku, sauti yote furaha, kasema nsimwambie mtu, anakuja. Tiketi keshakata. Anateremka Unguja, asubuhi yake anapanda boti mpaka Mkoani, pale anakodi gari mpaka kwetu. Kapanga kila kitu, anataka afike alasiri wakati mama kakaa barazani anachambua karafuu, mwanangu mkubwa ashike simu arikodi, yeye aingie pole pole asimame mbele ya mama asiseme neno. Akanambia "Nataka niuone uso wake akiniona." Nikamwambia inshaallah kaka. Nikakata simu nikaingia chooni nikalia.

Mama haoni.

Jicho la kulia hana kitu kabisa, la kushoto anaona mwanga tu, anajua mchana na usiku na kivuli cha mtu akipita dirishani. Huu mwaka wa nne. Alianza kujigonga na milango, anamimina chai inamwagika pembeni ya kikombe, sisi tukasema mtoto wa jicho huo, wazee wengi wanao na wakipasuliwa wanaona, tukawa twangoja msimu wa karafuu tupate pesa tumvushe Unguja. Tulipomfikisha daktari akasema sio mtoto wa jicho, ni presha ya macho, inakula ule mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, haiumi, inaanza kumla mtu kuona kwa pembeni hata mwenyewe hajijui, na kilichokwisha ondoka hakirudi, si kwa dawa si kwa kupasuliwa. Yale matone tunayomtia kila siku ni kulinda kile kidogo kilichobaki. Ule msimu tuliongoja mpaka leo unaniuma, kila nikiona karafuu zimeanikwa naukumbuka.

Tukiwa kwenye boti ya kurudi mama akanshika mkono akaniapisha kaka asijue. Alisema akijua atakuja, na akija harudi tena, na watoto wake wako kule. Wakati ule makaratasi yalikuwa bado na kweli angekuja, mie namjua. Nikaapa.

Basi tumeishi nao uongo huo. Mwanzo kaka akitaka video tukisema mtandao mbovu, baadae akampa mtu simu kubwa amletee mama awaone wajukuu. Mama anaishika mbele ya uso na mie nakaa pembeni namnong'oneza, huyu yule mdogo, kavaa fulana nyekundu, na mama anasema maashallah mwekundu umekupendeza baba. Wanacheka kule wamefurahi. Nimefanya hivi sijui mara ngapi.

Na ukimkuta mama barazani hutojua. Anazichambua karafuu na makonyo kwa vidole tu, mbio kuliko mie, na akitia mkono kwenye jamvi anakwambia hizi bado hizi tayari, hakosei. Macho yake yako wazi tena mazuri. Ndo maana naogopa zaidi, kwa sababu kaka akisimama pale mbele yake hatojua kitu, atadhani mama anamtazama. Na mama atasikia hatua, atauliza "Nani?" Kaka hatojibu, si ndo alivyopanga. Atauliza tena nani nyie, na kaka kasimama anatabasamu anangoja atambulikane, na mwanangu anarikodi. Picha hiyo nikifumba macho naiona, sipati usingizi.

Juzi kanitumia meseji yuko dukani anataka kitambaa cha mama, rangi gani anaipenda siku hizi. Nikamjibu zambarau. Ilikuwa ndo rangi yake.

Nimemweleza mume wangu, yeye asema mwambie kaka leo leo. Dada wa Unguja kasema ninyamaze, furaha ikija itafunika yote, na nikimwambia saa hizi nitamharibia safari ya miaka 18. Mama nae nimemjaribu kwa mbali, nikamwambia mama, kaka saa hizi si keshapata paspoti, si tumwambie tu? Akanyamaza kitambo anachambua, halafu akasema "Tutamwambia nini sasa, kuwa tulimficha miaka minne?" Kwa hiyo sio tena kumlinda kaka, ni haya, na haya ya mzee wangu mie siwezi kuifunua kwa mkono wangu.

Msinambie kuhusu kiapo tu, najua kiapo kina kafara, nitalisha masikini kumi na nikishindwa nitafunga siku tatu, hilo halinizuii. Kinachonizuia ni kuwa nna ahadi za watu wawili na kila mmoja kaniamini peke yangu. Na ukweli ni tatu, maana baba alipoumwa tulimwambia kaka ni homa tu, kumbe baba alikuwa kitandani mwezi wa pili, na baada ya maziko kaka alinambia kitu kimoja tu, msinifiche tena mambo ya wazazi. Nikamwambia sawa. Ndo mie huyu.

Na kuna jambo jengine ambalo dada halioni zito na mie naliona zito mno. Daktari alisema ugonjwa huu unakwenda kwa damu, watoto wote wa mama tupimwe macho, hasa tuliopita 40, tusingoje mpaka tuone tatizo maana likionekana limeshafika mbali. Sisi wanawake tumepimwa wote, mie na dada mkubwa salama alhamdulillah, yule wa Tanga presha ya macho yake imekutwa juu na kaanzishiwa matone mapema. Kaka ana miaka 46 na hajui lolote, na kazi yake kule anaendesha basi. Anaendesha basi jamani, na ugonjwa wenyewe unaanzia pembeni. Kila siku ninayonyamaza hii nayo naihesabu.

Fikra yangu mie nilikuwa nivuke Unguja nikampokee, tupande boti pamoja nimweleze njiani, angalau tunazo saa za kukaa pamoja kabla hajafika. Lakini boti imejaa watu, mwanamme mzima atalia mbele za watu halafu afike kwa mama macho mekundu na hasira nae. Au nimpigie huko huko aliko, atasikia akiwa peke yake baada ya zamu, usiku, baridi, hana hata wa kumshika bega ila mkewe. Na mama nae nimwambie kama mwanawe anaingia au nisimwambie? Ana presha ya damu pia, mambo ya ghafla simtakii. Ila nikimwambia namjua vile alivyo, atanambia kaka akiingia nimfinye yeye mama, ajue pa kugeuza uso, atataka kumdanganya hata ana kwa ana, na mie safari hii sitoweza.

Nauliza zaidi nyinyi mnaoishi mbali na wazazi wenu. Ingekuwa wewe, ungetaka kuambiwa kabla ya kupanda ndege au ukishakanyaga nyumbani? Na nani akwambie, mie au mama mwenyewe? Na waliowahi kumficha ndugu yao jambo kama hili, mlianza na neno gani, kwa sababu mie hata neno la mwanzo sina, nikishika simu nishasema "kaka, habari za huko" yote yamenikwama.

Ndege yake Jumatano ijayo. Niandikieni kabla ya hapo tafadhali, hata mstari mmoja.