Barua ya wazi kwa wabunge wetu: iteni rejista ya vita vya Somalia

Waheshimiwa wabunge na maseneta, wanangu,

Assalaam alaykum, na wale ambao salamu hiyo si yao, hamjambo. Nawaandikia kutoka Lamu. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, mingi yake upande wa bara wa kaunti hii, na baadhi yenu ni rika la watoto niliowashika mkono kuwafundisha kuandika. Kwa hiyo nawaita wanangu, na mtanivumilia sauti yangu ikiwa ya darasani.

Neno langu ni moja. Jeshi letu lilivuka mpaka kuingia Somalia tarehe 16 Oktoba 2011. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama mbele ya wananchi akatuambia vita hivi vitaisha lini, wala vimetula watoto wangapi. Kuuliza hayo mawili ni kazi yenu. Nawaomba muifanye.

Kwanza nikiri la kwangu. Mwaka ule nilikuwa upande wa vita. Septemba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu, huku huku Lamu, mume akauawa, mke akachukuliwa. Oktoba mosi ikawa zamu ya kisiwa cha Manda: mama wa Kifaransa, mgonjwa, asiyeweza kutembea, akabebwa usiku akatiwa mashuani, akafia mikononi mwa waliomteka. Haikupita wiki mbili, wafanyakazi wawili wa shirika la madaktari wakatekwa Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi. Huku kwetu hoteli zikafunga milango na manahodha wakashinda barazani bila abiria. Serikali ilipotangaza kwamba inatumia Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kile cha nchi kujilinda, sisi wazee tulisema alhamdulillahi. Operesheni ikapewa jina zuri, Linda Nchi. Nilimwambia mke wangu kwamba kaskazi haitakatika kabla vijana hawajarudi.

Kaskazi ilikatika. Kusi ikaingia. Juni 2012 wanajeshi wetu wakavalishwa kofia za AMISOM, ujumbe wa kijeshi wa Umoja wa Afrika huko Somalia. Mwishoni mwa Septemba wakaivamia Kismayu, mji wa bandari wa kusini mwa Somalia, na Al-Shabaab, wale wanamgambo tuliowafuata, wakaukimbia mji. Kwa akili yangu, pale ndipo palikuwa mahali pa mtu mzima kusema: tulichokifuata tumekipata kiasi gani, na kilichobaki kitatuchukua muda gani? Hakuna aliyesema hivyo kwa sauti ya kusikika. Aprili 2022 AMISOM ikawa ATMIS. Januari 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Jina linabadilishwa kama kibao cha duka, na vijana wetu wako ndani ya duka lile lile. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule jeshi lilipovuka mpaka ameshamaliza shule ya msingi.

Na nchi ililindwa? Sisemi Al-Shabaab walianza kuua Wakenya kwa sababu ya vita tu. Hao ni wauaji, na damu waliyoimwaga iko shingoni mwao wala si shingoni mwa askari wetu. Lakini mzee hawezi kufumba macho asione mpangilio wa mambo. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67. Juni 2014, Mpeketoni, hapa kaunti yangu, zaidi ya watu 60 kwa siku mbili, wanaume wakitolewa majumbani mbele ya wake zao. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi. Kila mara wauaji walitaja Somalia kuwa sababu yao. Mkiniambia ni kisingizio, nitakubali kwamba ni kisingizio. Kisingizio hicho kimewasaidia kuandikisha vijana wetu wenyewe, wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki.

Kuna tukio moja nitakaa nalo kidogo, kwa sababu mimi ni mwalimu. Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lilitoka Mandera kwenda Nairobi. Shule zilikuwa zimefungwa. Ndani yake walimo walimu waliokuwa wakienda makwao kula Krismasi na watoto wao. Basi likasimamishwa, abiria wakachambuliwa kwa dini, watu 28 wakauawa. Mimi najua basi la mwisho wa muhula lilivyo. Mwalimu ana mfuko wa zawadi miguuni, ana madaftari ambayo hakumaliza kusahihisha, anahesabu nauli ya kuunganisha gari jingine. Baada ya siku ile mamia ya walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kule, na ni nani angewalazimisha? Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na walimu wengi zaidi wakaondolewa. Madarasa yakabaki na watoto, ubao, na kimya.

Gharama hii haiandikwi kwenye bajeti ya ulinzi. Mtoto wa Mandera aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2014 alipitisha miezi mingapi bila mwalimu wa hesabu? Huku kwetu shule za vijiji vya Waboni, ndani ya msitu, zilifungwa kwa sababu hakukuwa na usalama. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na anayejua bahari anajua kuna samaki wa usiku na samaki wa mchana, huwezi kuwabadilisha. Kafyu ikatandikwa juu ya Lamu. Barabara ya Kiunga ikawa ya kupita kwa dua, kwa sababu ya mabomu ya kutegwa. Aprili 2014 maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na kwingineko, wengi wao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, kosa lao ni kabila na sura. Wasomali wa Kenya, raia kama sisi, wakajifunza kwamba vita vya ng'ambo vinaweza kuwafuata mpaka mlangoni. Yote hayo ni bei ya vita. Tumeilipa bila kupewa risiti.

Sasa nije kwa mwanafunzi wangu. Sitamtaja jina, wazazi wake wapo. Nilimfundisha darasa la nne hadi la nane. Mtoto wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akifuta neno kwa kiganja anapoandika, ndipo kila daftari lake likawa na ukungu wa wino. Mwaka wa kuandikisha alikwenda kiwanjani alfajiri na wenzake, akakimbia pekupeku, akapimwa kimo, akakaguliwa meno, akachukuliwa. Kijiji kizima kilishangilia. Tarehe 15 Januari 2016 alikuwa katika kambi ya El Adde, katika jimbo la Gedo, kambi iliposhambuliwa kabla ya mapambazuko.

Wazazi wake walitoa sampuli ya mate ili mwili utambuliwe. Wakasubiri. Jeneza lilipofika waliambiwa lisifunguliwe, na mama hakumuona mwanawe. Tulipomaliza mazishi, baba yake akanivuta kando chini ya mwembe. Alikuwa na swali moja, akadhani mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nitalijua jibu. Aliuliza: "Mwalimu, walikuwa wangapi?"

Nilimuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema anataka kuwajua baba wa wale wengine. Hana la kufanya nao, ila kukaa nao tu. Alisema msiba wa mtu mmoja humrusha akili, lakini wakiwa wengi watashikana.

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Idadi kamili ya askari wetu waliokufa El Adde haijawahi kutangazwa rasmi. Ibada ya kuwakumbuka ilifanywa Eldoret mwezi ule ule, marais watatu wakahudhuria, wa kwetu, wa Somalia na wa Nigeria, na bado hesabu haikutolewa. Ni Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, aliyesema baadaye katika mahojiano kwamba waliokufa walikaribia mia mbili, na wakuu wa jeshi letu wakamkana bila kutoa idadi yao. Wanangu, hesabu ya maiti zetu tuliisikia kwa jirani.

Siku hizo hizo za Januari alifariki mwalimu Salah Farah wa Mandera. Yeye ni yule Mwislamu aliyepigwa risasi Desemba 2015 ndani ya basi, abiria waliposhambuliwa, wakaambiwa wajitenge Waislamu na Wakristo, wakakataa. Nchi nzima ililijua jina lake na ikalitaja kwa heshima, ipasavyo. Kwa hiyo tunajua kuheshimu. Nani alituzuia kuwafanyia hivyo wale wa El Adde, jina kwa jina?

Nimeita rejista kila asubuhi kwa miaka thelathini na minne. Rejista haina ujanja. Unaita jina, mtoto anaitika, au haitiki na unaandika hayupo. Hata mtoto akifa, mwalimu hatoi ukurasa. Anapiga mstari kwa wino mwekundu, anaandika tarehe, na jina linabaki. Mkaguzi akija mwaka wa pili atalikuta. Ninachowaombeni ninyi ni rejista ya aina hiyo.

Mna uwezo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 240, inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya Kenya kwa idhini ya Bunge. Idhini ni yenu. Kifungu hicho hicho kinalitaka Baraza lilete ripoti kwenu kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Mwaka 2011 jeshi lilivuka kwanza na Bunge likafuata nyuma. Hilo limepita. Lakini anayetoa idhini ana haki ya kuiuliza imefika wapi, na ana haki ya kuipa kikomo. Mzazi akimruhusu mwanawe kwenda safari humuuliza atarudi lini.

Najua mtakachojibiwa mkisimama kuuliza. Mtaambiwa mnawavunja moyo askari walio vitani. Msikubali. Askari aliye kwenye handaki ndiye wa kwanza anayetaka kujua kuna mpango gani. Mtaambiwa pia kwamba tukiondoka Al-Shabaab watakuja mpaka kwetu. Hoja hii ni nzito na siidharau, maana mimi ndiye ninayelala karibu na mpaka kuliko wengi wenu. Lakini mpaka wetu na Somalia ni takriban kilomita 680, na sijasikia mtu akisema uachwe wazi. Nasema askari wanaojua kupigana na adui huyu walinde upande wetu: Ishakani, Hulugho, Liboi, Mandera. Waende na walimu, na madaktari, na barabara. Msomali wa Mandera akipata hospitali na shule kutoka kwa serikali yake, yeye mwenyewe ndiye atakayekuletea habari za mgeni aliyelala kijijini jana usiku. Hiyo ni intelijensia ambayo ndege haiwezi kuileta.

La fedha nitaligusa tu. Posho za askari wa AMISOM zililipwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Ujumbe wa sasa wa AUSSOM nao umeanza ukihangaika kutafuta wafadhili. Mimi linanitia hofu jambo hili. Vita vinavyolipiwa na mgeni huwa vigumu kuvihoji, kwa sababu mwenye nyumba hahisi mfuko ukitoboka. Anachohisi ni majeneza tu, nayo huja machache machache, usiku, katika vijiji vilivyo mbalimbali.

Na wapo waliorudi hai. Mnawajua? Kijana aliyerudi bila mguu ana nduguze wa kumsukuma. Yule aliyerudi mzima wa mwili, akashtuka kila pikipiki inapokohoa, akampiga mkewe, akaanza pombe, huyo hana wa kumsukuma. Watu husema amerogwa. Ulizeni wako wangapi, wanatibiwa na nani, na mke wa askari anampigia nani simu usiku huo.

Sitaki mnipe jibu mimi. Nataka Bunge likae, kwa faragha pale inapobidi na mbele ya watu pale inapowezekana, lidai mambo haya kwa maandishi: tarehe ya askari wa mwisho kurudi, au angalau masharti ambayo yakitimia watarudi, idadi ya waliokufa tangu Oktoba 2011, kambi kwa kambi, El Adde ikiwemo, na kambi ya Kulbiyow iliyoshambuliwa Januari 2017, na majina, kwa familia zitakazoridhia. Kisha tarehe 15 Januari ijayo, mmoja wenu asimame ayasome. Asome polepole. Yatachukua muda, na hakuna haja ya hotuba.

Yule baba bado yu hai. Mwembe wake umezaa mwaka huu. Kila tukikutana msikitini hunisalimu, hunitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya salamu, kisha huvaa viatu vyake akaenda zake. Haniulizi tena. Mkipata ile idadi, nileteeni, nitampelekea mwenyewe kwa miguu.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Lamu