Barua kwa mwanangu: kichwa cha risasi kabla ya uzi

Mwanangu mpenzi,

Picha za jigi zako, zile ndoana zenye kichwa cha madini ya risasi zinazofungwa manyoya kama chambo, nimezipata na nimezitazama mara nyingi. Manyoya umeyafunga vizuri, yamekaa sawasawa mviringo mzima. Ila kwenye tatu rangi imebanduka puani, na moja jicho la ndoana, lile tundu la kufungia mshipi, limeziba. Kosa hilo halikuanzia kwenye uzi, limeanzia kwenye kichwa.

Kichwa kikitoka kwenye kalibu, kile chombo kinachokipa umbo, huwa na kishina pale risasi ilipomiminiwa, na ukingo mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kishina kikate kwa koleo. Ukingo uondoe kwa tupa ndogo, ukisukuma upande mmoja tu. Risasi ni laini, ukienda na kurudi inajaza meno ya tupa. Kama vichwa vimekaa muda vikafifia, visugue kwa msasa uliolowa ili vumbi lisiruke, vikaushe kabisa, kisha vifute kwa spiriti. Kuanzia hapo vishike kwa ndoana. Nashuku mafuta ya vidole vyako ndiyo yaliyoinyima rangi mahali pa kushika.

Sasa rangi ya unga. Kipashe kichwa moto, kichovye kwenye unga kwa sekunde moja au mbili, kitoe na ukitazame. Unga ukiyeyuka na kung'aa mbele ya macho yako, moto umetosha. Ukibaki kama vumbi, kirudishe kwenye moto kidogo. Ukitiririka na kutoa mapovu, umekizidishia. Hakuna hesabu ya sekunde za kupasha moto itakayokufaa, kwa sababu kichwa kizito hupata moto polepole kuliko chepesi. Jicho lako ndilo litakalojifunza. Rangi ikiwa bado ya moto, pitisha sindano kwenye jicho la ndoana. Ukingoja ipoe, utaikwangua na kuipasua. Shingoni, unapofungia uzi, mimi napenda pabaki bila rangi, uzi unashika vizuri zaidi.

Na hili nakuuliza: uliviweka kwenye oveni? Rangi inang'aa tangu inapoyeyuka, kwa hiyo ni rahisi kudhani kazi imekwisha. Haijakomaa bado. Vitundike kichwa kikitazama chini, kwenye joto la nyuzi 175 hivi za Selsiasi, kwa dakika 20, au kama maelekezo ya unga wako yanavyosema. Oveni hiyo isiwe ya kupikia chakula, wala isije ikawa hivyo baadaye.

Kusubu risasi mwenyewe, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, nakuomba ungoje mpaka niwe nawe. Unakumbuka lile kovu juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto? Nilikwambia ni pasi. Haikuwa pasi. Kalibu ililala bandani usiku kucha, asubuhi nikaigusa nikaiona kavu, nikamimina. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na unyevu kidogo uliojificha ndani ukageuka mvuke papo hapo. Nilisikia mlio mfupi tu, na risasi ikaruka hadi darini. Tone moja likanigandia mkononi. Lingeweza kunipata jichoni, maana sikuwa nimevaa miwani. Siku hizi kalibu naipasha moto kwanza, nasubu nje penye hewa, na miwani, glavu na mikono mirefu ni lazima. Hata vipande vya risasi vya kurudia kuyeyusha nahakikisha ni vikavu kabla ya kuvitia kwenye sufuria.

Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, na mezani pafute kwa kitambaa kibichi, usipafagie. Na ile tabia yako ya kushika jigi kwa meno ukitafuta mkasi, iache leo.

Ile yenye jicho lililoziba usiitupe. Niwekee, nitakuja na sindano yangu nene tuizibue pamoja.

Baba yako