Babu Ametoboa Mkanda Tundu la Tatu

Wapendwa,

Mwezi uliopita wanakamati wawili walimtembelea babu mmoja wa jumuiya yetu. Alipoinuka kuwapokea, suruali ikamteremka kiunoni. Akaidaka, akawaonyesha mkanda: matundu matatu mapya, kayatoboa mwenyewe kwa msumari. Mezani palikuwa na sahani ya chakula cha jana, imefunikwa vizuri, haijaguswa. "Nimeshiba," akasema.

Tumezoea kulipita jambo hili kwa neno moja: uzee. Tunakosea. Mzee akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na kilo 60, hiyo ni dalili inayotafutiwa sababu. Na sababu zipo nyingi. Pua na ulimi havionji tena kama zamani. Dawa nyingine hukata hamu ya kula. Meno yameng'oka, au ya bandia yanambana. Halafu kuna upweke, ambao sisi tumeuona kwa macho: anayekula peke yake haoni kwa nini awashe jiko.

Basi hujaza tumbo kwa chochote laini, kisichojenga misuli. Nao mwili wake unadai angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60. Yai moja lina kama 6 tu. Misuli ikiisha, miguu humwangusha, kidonda hakifungi, na homa ndogo humlaza wiki nzima.

Tunaomba mchango wenu kwa mambo haya. Kwanza mizani na utepe wa kupimia shavu la mguu, kwa sababu likiwa chini ya sentimita 31 tunajua mzee huyo asisubiri. Kisha mayai, maziwa, samaki na maharage kwa wale tunaowahudumia, nauli ya kuwafikisha kliniki, na matibabu ya meno, ambayo ndiyo yatakayomeza fedha nyingi. Aliyedhoofika sana hatutamshindilia chakula. Ataanza kwa daktari, maana kulishwa ghafla baada ya njaa ndefu huvuruga madini kwenye damu na kunaweza kumuua.

Kuna jambo jingine, nalo tulijifunza kwa uchungu. Mwanzoni tuliacha chakula mlangoni na kuondoka. Sahani zilirudi zimejaa. Siku mama mmoja wa kamati alipoketi na babu, wakazungumza habari za ujana wake, alimaliza sahani akaomba maji. Kwa hiyo fedha peke yake haitatosha. Tunaomba na muda wenu.

Mchango wa mara moja au ahadi ya kila mwezi mkabidhi mhazini, naye atakupa stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, bila kutaja jina la mzee yeyote. Kama kuna mzazi au jirani ambaye nguo zimeanza kumpwaya, tuambie hata leo.

Daftari la zamu liko kwa katibu. Babu hula saa saba mchana. Jumatano na Ijumaa bado hana wa kula naye.