Kutoka Malindi hadi Unguja na mtoto mdogo: pesa huvujia wapi

Mzazi akija ofisini kwetu, tunakopanga safari, kuulizia Unguja, swali la kwanza huwa nauli. Nauli si shida. Basi na boti ni gharama unayoweza kuiandika leo kwenye karatasi na isibadilike sana. Bajeti ya familia huharibikia kwingine: cheti chenye jina lililokosewa, chanjo iliyosahaulika, boti ya mwisho iliyokwisha kung'oa nanga, mtoto aliyetapika mpaka ikabidi kutafuta teksi na chumba usiku wa manane. Ndiyo maana sisi hupanga safari hii kwa kuanzia karatasi, kisha usingizi wa mtoto. Tiketi huja mwisho.

Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kitambulisho hakitoshi. Uganda na Rwanda utapita nacho, mpakani mwa Tanzania pale Horohoro hupiti. Kila mmoja, hata mchanga wa miezi mitatu, awe na pasipoti yake au kibali cha muda cha kusafiria Afrika Mashariki. Ombi la pasipoti ya mtoto huanzia eCitizen: cheti cha kuzaliwa (ile karatasi ya hospitali ya kuarifu uzazi haihesabiki), vitambulisho vya wazazi wote wawili na idhini yao, kisha mnampeleka mwenyewe ofisi ya uhamiaji Mombasa.

Kinachokwamisha zaidi huku kwetu pwani ni herufi. Cheti cha mtoto kinasema mama ni Fatma, kitambulisho chake kinasema Fatuma. Baba ni Abdalla huku, Abdallah kule. Wewe unajua ni mtu mmoja. Afisa anaona wawili. Zitoe karatasi zote leo, zilaze mezani, usome herufi kwa herufi, kwa sababu kusahihisha cheti hula wiki, na chumba ulichokwisha kulipia hakikungoji. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake abebe barua ya idhini iliyoapwa mbele ya wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mwenzake huyo.

Kisha kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wengi hudhani mtoto aliyedungwa ya surua akiwa na miezi 9 alipata na ya homa ya manjano. Hapana. Hapa Kenya chanjo hiyo imo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki za kaunti chache tu, kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Mtoto wa Malindi hana mpaka umpeleke kwa makusudi mahali panapotolewa kadi ya kimataifa. Hutolewa kuanzia miezi 9, na kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 sindano moja hukubaliwa maisha yote, kwa hivyo usiitupe kadi yako ya zamani hata kama imeandikwa miaka 10. Na hapa ndipo tarehe za watu huvurugika: hii na ile ya surua zote ni chanjo hai. Hudungwa siku moja, au huachana wiki 4. Kama mtoto alidungwa surua juzi, hesabu wiki nne, ongeza siku kumi, ndipo uchague siku ya kuondoka. Ukija kwetu, njoo na cheti, vitambulisho na kitabu cha kliniki. Tunavisoma bure kabla ya kukuuzia chochote.

Kuhusu msimu, likizo za shule huwaangusha watu kwenye miezi migumu: Aprili ni masika, Agosti kusi limekaza na Unguja imejaa Wazungu, Desemba bei za vyumba zimepaa. Mtoto ambaye hajaanza shule anakupa nafasi ambayo wengine hawana. Itumie. Oktoba na mwanzo wa Novemba ni tanga mbili, yaani upepo unabadilika, bahari imelala na wenye nyumba wanapunguza bei ukiwaomba kwa heshima. Ramadhani nayo vyumba hushuka, ila mikahawa hufungwa mchana, na mtoto wa miaka miwili hafungi. Nenda mwezi huo ukiwa na chumba chenye jiko tu.

Njia yenyewe ina zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam. Malindi hadi Mombasa ni kama 120, Likoni hadi mpakani kama 100, Tanga hadi Dar kama 350. Ramani hudanganya: utadhani gari hufuata pwani, kumbe likitoka Tanga kwa kawaida hupanda bara hadi Segera kwanza, ndipo literemke. Kuna wanaoipiga yote kwa siku moja. Kwa kijana mwenye begi moja, sawa. Ukiwa na mtoto wa kilo 12 mapajani, tunakushauri ukatize Tanga. Toka Malindi baada ya alfajiri, vuka mpaka mchana, ulale Tanga. Kesho yake panda basi la saa 12 asubuhi kwenda Dar, lala huko, na uvuke na boti ya kwanza siku ya tatu. Usijaribu kuikimbilia boti ya alasiri siku ya pili. Mabasi mengi hushusha Mbezi, kituo cha Magufuli, na kutoka hapo hadi bandarini ni kilomita ishirini na kitu za foleni. Gesti mbili za kawaida mlizopanga ni rahisi kuliko moja ya ghafla karibu na bandari saa tatu usiku, mwenye chumba akikuona umembeba mtoto aliyelala.

Horohoro na Lunga Lunga ni mpaka wa kituo kimoja: ukienda, mihuri yote miwili hugongwa upande wa Horohoro, na ukirudi, upande wa Lunga Lunga. Shukeni wote, pamoja na aliyelala. Afisa anataka kumwona mtoto, na kurudi garini kumchukua ndiko kunakomkera dereva. Pesa badilisha kiasi cha siku mbili tu, na ujue kiwango cha siku kabla hujafika, kwani anayebadilisha mkononi hutegemea sifuri nyingi za shilingi ya Tanzania zikuchanganye. Dola hazitakusaidia dukani: tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kulipishana kwa fedha za kigeni.

Boti za kasi huvuka kwa takriban saa mbili. Nauli ni za madaraja mawili, mkaazi na mgeni, tena tofauti si ndogo; uliza bei ya mwenye pasipoti ya Kenya, na ya umri wa mtoto wako, dirishani penyewe, si kwa wapiga debe wa nje. Kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hakirushi sana. Mtoto ale kidogo saa moja kabla, kitu kikavu, si maziwa ya paketi. Dawa za kichefuchefu zenye promethazini usimpe aliye chini ya miaka 2, zinaweza kumzuilia pumzi.

Utashukia Malindi. Ndiyo, Malindi: ndilo jina la mtaa wa bandarini pale Mji Mkongwe. Pasipoti hukaguliwa tena, na nje mapapasi wanangoja kukubebea mizigo. Weka pia kwenye hesabu bima ya lazima ya wageni iliyoanza Zanzibar Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima.

Ukitaka ufuo, daladala namba 116 huenda Nungwi na 309 huenda Jambiani. Jambiani ni nafuu, lakini maji yakitoka huenda mbali sana, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, utaogelea saa chache tu. Kwa mtoto anayecheza kwenye vidimbwi hilo si hasara, mradi awe na viatu kwa sababu ya urumba, mnyama wa bahari mwenye miiba. Nungwi maji hayakimbii hivyo, ila bei hupanda.

Begini, pampasi za siku tatu za njiani zinatosha, tano kwa siku. Nyingine nunua huko. Usizitie kwenye mifuko ya plastiki, Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019. Beba unga wa uji kilo moja na paketi sita za ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha inayochanganywa na maji. Soma paketi inataka maji kiasi gani kabla ya kuchanganya, maana kuna za nusu lita na za lita nzima, na ikizidi chumvi inadhuru. Aliye chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole.

Kurudi, kama ni miezi ya kusi, chombo hukata mawimbi kwa uso kutoka Unguja hadi Dar, na safari iliyokuwa laini wakati wa kwenda hugeuka. Kata boti ya asubuhi, kabla upepo haujakaza.